Kabla ya Kuziba Ufa: Somo la Kurekebisha Msingi wa Nyumba Kwenye Udongo Mweusi

Mama mmoja wa Kitengela amepiga plasta ukuta wa chumba chake cha kulala mara tatu. Kila mara fundi huja, huukwangua ufa, huujaza saruji, hupaka rangi na kuondoka na malipo yake. Kila mara, baada ya miezi michache, ufa hurudi palepale: huanzia pembe ya dirisha na kuteremka kama ngazi, ukifuata viungo vya mawe hadi sakafuni.

Tulipomtembelea pamoja na mhandisi wa kazi za umma, mhandisi hakuanza na ufa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama chini ya mfereji wa paa uliokatika karibu na pembe, kisha akauliza:

“Mama, mvua ikinyesha, maji haya huenda wapi?”

“Yaende wapi tena, mhandisi? Yanamwagika tu hapo chini.”

“Basi ufa wako unaanzia hapo. Plasta ya nne ingekuwa hasara ya nne.”

Mkazi mpendwa, huenda nyumba yako ina ufa kama huo. Wazee walituachia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo inatuhimiza tusichelewe, na ni kweli. Hata hivyo, ufa unaotokana na msingi haumalizwi kwa kuzibwa. Kuna hatua nne, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza, jua kama ufa bado unasogea. Pili, ondoa maji yanayousumbua msingi. Tatu, imarisha msingi ikiwa mhandisi ataona inafaa. Nne, ziba ufa. Wengi wetu huanza na hatua ya nne, kisha tunashangaa pesa zinakwenda wapi.

Udongo mweusi hufanya nini

Sehemu kubwa ya nyanda za Kaputiei, kuanzia Kitengela kuelekea Isinya, ina udongo mweusi unaonata, unaojulikana na wengi kama udongo mweusi wa pamba. Kila mkazi anaufahamu: wakati wa mvua unashika viatu na kunasa magari, wakati wa kiangazi unapasuka hadi mtu anaweza kuingiza mkono kwenye nyufa zake. Udongo wa aina hiyo hupatikana pia Athi River, Embakasi, Mwea na nyanda za Kano.

Sababu ni chembechembe zake ndogo sana za mfinyanzi, ambazo hunyonya maji na kuvimba. Zikikauka, husinyaa. Udongo mwekundu, kama ule wa sehemu nyingi za Ngong, haubadiliki kwa kiasi hicho. Ndiyo maana nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja kwa ramani moja zinaweza kuwa na hatima tofauti, moja Ngong na nyingine Kitengela.

Tatizo kubwa ni kwamba udongo hauvimbi wala kusinyaa kwa usawa. Ulio katikati ya nyumba umefunikwa na sakafu, hivyo unyevu wake haubadiliki sana. Ulio pembeni hulowa kila masika na kukauka kila kiangazi. Pembe za nyumba hupanda na kushuka huku katikati kukiwa kumetulia. Ukuta wa mawe haupindi kama ubao. Ukivutwa, hupasuka.

Miaka ya karibuni imeonyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo na ardhi ikakauka hadi chini. Mwishoni mwa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na kati ya Machi na Mei 2024 mvua kubwa ikarudi tena. Udongo uliosinyaa kwa miaka ulivimba kwa muda mfupi. Nyumba iliyosimama bila ufa tangu ijengwe ingeweza kupasuka katika kipindi hicho.

Jifunze kusoma ufa

Si kila ufa ni ugonjwa wa msingi. Plasta mpya ikikauka haraka hutoa nyufa nyembamba kama nywele, zinazosambaa ovyo juu ya ukuta. Hizo ni za plasta tu. Ufa wa msingi una tabia zake:

• Hupita ndani ya mawe au viungo vyake, na mara nyingi huonekana ndani na nje ya ukuta mahali pamoja.

• Huenda mshazari au kama ngazi, ukianzia pembe ya dirisha au mlango, kwa sababu hapo ndipo ukuta ni dhaifu.

• Huwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Ukiwa mpana juu, kwa kawaida ncha za ukuta ndizo zilizoshuka. Ukiwa mpana chini, kwa kawaida katikati ndiko kulikoshuka.

• Huambatana na dalili nyingine: mlango unaosugua fremu, dirisha lisilofunga, sakafu iliyoinama au kutengana na ukuta.

Upana wake pia unasema mengi. Chukua rula ya mwanafunzi na upime mahali ambapo ufa ni mpana zaidi. Wahandisi hutumia vipimo vinavyokaribiana na hivi:

• Hadi milimita 1: si jambo la kukutia hofu. Rangi na plasta hutosha.

• Kati ya milimita 1 na 5: milango inaweza kuanza kukwama. Ukuta hurekebishika, lakini tafuta chanzo.

• Kati ya milimita 5 na 15: milango na madirisha hukwama, mabomba yanaweza kupasuka na maji ya mvua huingia ndani. Mwite mhandisi.

• Kati ya milimita 15 na 25: sehemu za ukuta huenda zikahitaji kubomolewa na kujengwa upya, hasa juu ya milango na madirisha.

• Zaidi ya milimita 25: nyumba inaweza kuwa hatari kukaliwa. Usisubiri.

Pima kabla ya kulipa

Ufa wa milimita 4 uliotulia kwa miaka mitatu si wa kuogopwa kama ufa wa milimita 2 uliojitokeza mwezi uliopita na bado unapanuka. Kwa hiyo swali kubwa ni moja: je, unasogea?

Kulijibu swali hili hakuhitaji mashine. Gonga misumari miwili midogo ukutani, mmoja kila upande wa ufa, ikiwa sentimita 10 kutoka kwa mwenzake. Pima umbali kati ya vichwa vya misumari hiyo na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Chora mstari mfupi wa penseli kwenye kila ncha ya ufa na uandike tarehe hapo pia. Ufa ukirefuka, utauona umeupita mstari. Piga picha kwa simu, ukiweka rula kando ya ufa ili upana wake uonekane.

Rudia kipimo hicho kila baada ya wiki mbili, na uendelee hadi upitie msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja. Kwa kaunti yetu, mtu anayeanza Februari atakuwa ameona masika ya Machi hadi Mei na ukavu wa Julai hadi Septemba. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika unakueleza kwamba udongo wa pembeni unalowa na kukauka. Ufa unaopanuka tu bila kurudi unakueleza kwamba msingi unaendelea kushuka. Hayo ni magonjwa mawili tofauti yenye tiba tofauti.

Daftari hilo ni mali. Mhandisi akija, atapata katika ukurasa mmoja habari ambayo ingemchukua miezi kuikusanya. Na fundi akikuambia kazi ya gharama kubwa inahitajika kesho asubuhi, utakuwa na cha kumwonyesha.

Bila shaka, ufa mpana au unaokua kwa kasi hausubiri miezi. Tumeeleza dalili zake mwishoni mwa somo hili.

Maji kwanza, saruji baadaye

Tufanye hesabu. Paa la nyumba ya mita 10 kwa mita 8 lina eneo la mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya jioni moja ya Aprili, inapoanguka juu ya paa hilo hutoa lita 1,600 za maji. Hayo ni mapipa 8 ya lita 200. Ikiwa mfereji umekatika na kuyamwaga yote kwenye pembe moja, pembe hiyo imenyweshwa mapipa 8 kwa usiku mmoja. Udongo wa hapo utavimba huku wa upande wa pili ukiwa mkavu. Kiangazi kikija, pembe hiyohiyo itasinyaa kuliko nyingine zote.

Hivyo, kazi ya kwanza ya kuimarisha msingi haihitaji kuchimba:

• Weka mifereji ya paa pande zote zinazotiririsha maji, na mabomba ya kuyateremsha hadi chini. Safisha majani kabla ya kila msimu wa mvua.

• Yapeleke maji mbali. Bomba lisiishie kwenye ukuta. Liendeleze hadi kwenye tangi au mtaro unaoyatoa maji angalau mita 3 kutoka nyumbani, bila kuyaelekeza kwa jirani.

• Jenga mkanda wa saruji kuzunguka nyumba, wenye upana wa mita 1 au zaidi, ulioinama kuelekea nje. Mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita unatosha. Hakikisha unagusana vizuri na ukuta, na uzibe nafasi kati yao kwa lami au gundi ya kuzuia maji. Mkanda huu huzuia udongo wa pembeni usilowe masika wala kukauka mno kiangazi.

• Kagua mabomba. Funga mifereji yote ya ndani usiku, soma mita ya maji, kisha isome tena asubuhi. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Bomba linalovuja chini ya sakafu ni adui asiyeonekana.

• Angalia shimo la kufyonzea maji taka. Likiwa karibu na ukuta uliopasuka, huenda linaulowesha msingi mwaka mzima. Mtaalamu akushauri mahali pa kulihamishia, mbali na nyumba na kisima.

• Usimwagilie maua yaliyopandwa kando ya ukuta. Bustani ni nzuri, lakini ianze baada ya mkanda wa saruji.

Katika kaunti yetu kuna sababu nyingine ya kuyajali maji ya paa. Wengi wetu hununua maji ya lori, kisha tunayaacha ya mvua yabomoe nyumba. Tangi la lita 5,000 litakinga mvua tatu kama ile tuliyoihesabu hapo juu. Ila kumbuka kwamba tangi hilo likijaa lina uzito wa tani 5. Usiliweke kando ya ukuta wenye ufa. Lijengee jukwaa lake mwenyewe, na maji yanayofurika yaelekezwe kwenye mtaro.

Katika nyumba nyingi ambazo ufa wake hufunguka na kujifunga kwa misimu, kazi hizi peke yake hupunguza msogeo hadi ufa ukazibika. Ndiyo maana mhandisi makini atakuomba uzifanye kwanza, kisha uendelee kupima, kabla ya kuzungumzia kuchimba.

Miti: usikate kwa hasira

Mti mkubwa hunyonya maji mengi kutoka ardhini, na mkaratusi ndio unaosifika zaidi kwa hilo. Ukiwa karibu na nyumba, hukausha udongo upande mmoja na kuufanya usinyae. Unapopanda mti mpya kwenye udongo mweusi, uweke mbali na nyumba kwa umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa. Kwa mkaratusi, ongeza nusu ya umbali huo.

Je, mti mkubwa uliopo tayari ukatwe leo? Si lazima, na si salama kila mara. Mti uliokausha udongo kwa miaka ukiondolewa ghafla, udongo huanza kurejesha maji na kuvimba, na nyumba inaweza kuinuliwa upande ule. Mara nyingi hupendekezwa kupunguza matawi kidogo kidogo kwa misimu kadhaa. Uliza kabla ya kuleta msumeno.

Msingi ukihitaji kuongezewa kina

Ikiwa maji yamedhibitiwa na vipimo vyako bado vinaonyesha kwamba ukuta unashuka, huenda msingi ulichimbwa kina kifupi na kuishia ndani ya udongo mweusi bila kufika kwenye maramu ngumu au mwamba ulio chini yake. Hapo mhandisi anaweza kupendekeza kuongeza kina cha msingi. Zege jipya humwagwa chini ya msingi wa zamani ili uzito wa ukuta ufike kwenye ardhi imara.

Hii si kazi ya kujaribu mwenyewe. Tunaieleza ili uweze kuisimamia na kutambua inapofanywa vibaya.

Kwanza, huchimbwa shimo la majaribio kando ya ukuta ili kujua msingi wa sasa umeishia wapi na ardhi imara iko umbali gani chini. Bila shimo hilo, bei yoyote unayopewa ni ya kubahatisha.

Pili, kazi hufanywa kwa vipande. Chukua ukuta wa mita 8. Unagawanywa katika vipande 8 vya mita 1, na kila kimoja kinapewa namba. Awamu ya kwanza huchimbwa kipande cha 1 na cha 5. Awamu ya pili, cha 3 na cha 7. Ya tatu, cha 2 na cha 6. Ya nne, cha 4 na cha 8. Kwa njia hiyo, vipande viwili vinavyopakana havichimbwi kwa pamoja, na zaidi ya robo ya ukuta haikosi kitu cha kuushikilia.

Tatu, kila shimo hujazwa zege la uwiano wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, hadi ibaki nafasi ya takriban milimita 75 chini ya msingi wa zamani. Zege likishaanza kukomaa, baada ya takriban siku mbili, nafasi hiyo hushindiliwa kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 3 wenye unyevu kidogo tu: ukiufinyanga mkononi unashikana bila kutoa maji. Hatua hii ndogo ndiyo inayobeba nyumba. Fundi akiiruka au akiimwaga kama uji, zege litasinyaa likikauka, nafasi itabaki wazi na ukuta utaendelea kushuka juu ya kazi mpya uliyolipia.

Nne, awamu inayofuata haianzi mpaka iliyotangulia iwe imeshika. Kila awamu huchukua karibu wiki moja, hivyo ukuta mmoja unaweza kuchukua mwezi. Mtu anayeahidi kuumaliza kwa siku mbili anakusudia kuchimba mtaro mmoja mrefu kando ya ukuta wote. Mkatae. Mtaro huo unaweza kuuangusha ukuta juu ya wafanyakazi.

Kuhusu vifaa, tuseme msingi wa zamani uliishia sentimita 60 chini na ardhi imara iko mita 1.2. Kila kipande chenye upana wa sentimita 60 kitachukua karibu theluthi moja ya mita ya ujazo ya zege, yaani takriban mifuko 2 ya saruji. Ukuta mzima wa vipande 8 utahitaji mifuko 16 hadi 18. Ukipewa makadirio yaliyo mbali sana na hesabu ya namna hii, iwe juu au chini, omba maelezo.

Kazi ifanywe wakati wa ukavu. Kuta za shimo lenye kina cha zaidi ya mita 1.2 zishikiliwe kwa mbao, na watoto wawekwe mbali.

Onyo moja: kuimarisha upande mmoja tu wa nyumba kunaweza kuleta ufa mpya mahali ambapo upande uliotulia unakutana na upande unaosogea. Ndiyo sababu uamuzi wa wapi kazi ianzie na iishie ni wa mhandisi.

Sakafu iliyoinuka au kuzama

Kuna nyumba ambazo kuta ni nzima lakini sakafu imefura katikati au imezama. Aghalabu sababu ni kwamba udongo mweusi haukuondolewa kabla ya kujaza mawe, au ulitumiwa kujazia. Kumwaga saruji nyingine juu yake ni kuongeza uzito tu. Dawa ni kuvunja sehemu iliyoharibika, kuuondoa udongo mweusi, na kujaza maramu au mawe yaliyoshindiliwa kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya linalofuata. Kisha hutandazwa karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu na kumwagwa zege lenye wavu wa chuma. Unapochimba karibu na ukuta, usishuke chini ya msingi wake.

Sasa ziba ufa

Daftari likionyesha kwamba ufa umetulia, wakati wa kuuziba umefika. Kwa ufa mwembamba, panua mdomo wake kidogo kwa patasi, ondoa vumbi, lowesha, kisha jaza. Kwa ufa uliopita kwenye mawe, plasta pekee haitoshi. Fundi achimbe mifereji midogo ya mlalo kwenye viungo vya mawe, ikivuka ufa kwa nusu mita kila upande, mmoja kila baada ya sentimita 40 hivi kwenda juu. Ndani ya kila mfereji alaze chuma chembamba cha milimita 6 au 8 na kukifunika kwa saruji nzito. Vyuma hivyo hushona pande mbili za ukuta zikawa kitu kimoja.

Usizibe ufa wa misimu kwa saruji ngumu katikati ya kiangazi unapokuwa wazi kabisa. Mvua ikija na udongo ukavimba, pande mbili zitataka kurudiana zikute kizuizi, na ukuta utapasuka mahali pengine.

Nani afanye kazi, na kwa kibali gani

Kuweka mifereji, kusafisha mitaro na kupima ufa ni kazi zako mwenyewe. Kugusa msingi ni jambo jingine. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa serikali ya kaunti mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi. Kabla ya kuchimba chini ya nyumba, pitia ofisi ya mipango ya kaunti ndogo yako uulize kazi yako inahitaji nini.

Mhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Omba namba ya usajili na uithibitishe. Si utovu wa heshima kumuuliza mtu namba yake unapomkabidhi nyumba yako. Makubaliano yaandikwe: kazi gani, vipande vingapi, kina gani, na malipo yatolewe kwa awamu. Usimalize kulipa kabla mhandisi hajaona kila shimo likiwa wazi. Zege likishafunikwa kwa udongo, hakuna ajuaye kilicho chini.

Mpangaji aliyeona ufa amwarifu mwenye nyumba kwa maandishi, pamoja na picha zenye tarehe, na abaki na nakala.

Usisubiri ukiona haya

Toka nje na watu wako wote ikiwa ufa unapanuka kwa siku au saa chache. Ukuta umeanza kuinama au kuvimba. Mlango uliofunga vizuri jana leo umebanwa kabisa. Unasikia mlio wa kupasuka. Au paa na ukuta vimeachana. Usirudi kuchukua vyombo. Piga simu 999 au 112, na uwaonye majirani. Nyumba hujengwa tena.

Zoezi la wiki hii

Jumamosi moja inatosha. Zunguka nyumba yako na ujibu maswali haya kwenye daftari:

1. Maji ya kila upande wa paa yanaishia wapi?

2. Ardhi ya kando ya ukuta imeinama kuelekea nje au ndani?

3. Kuna bomba, shimo la maji taka au mti gani karibu na ukuta?

4. Kuna nyufa ngapi, zina upana gani, na ni mpana juu au chini?

5. Ni mlango au dirisha gani lililoanza kukwama, na tangu lini?

Rudia zoezi hili mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Oktoba.

Yule mama wa Kitengela hajapiga plasta ya nne. Ameunganisha mfereji uliokatika, maji yanaingia kwenye tangi lililowekwa mbali na ukuta, na mkanda wa saruji umeshamwagwa upande wa chumba cha kulala. Kando ya ufa kuna misumari miwili, na kwenye kabati kuna daftari la shule lenye tarehe na vipimo. Ufa bado unaonekana. Anasema hauoni haya tena, kwa kuwa sasa anajua unafanya nini, na siku ya kuuziba itakapofika ataulipia mara moja tu.